Namna ya kuwatafsiria majirani tamthilia ya muuaji

Kabla ya kuwasha televisheni, andika majina ya waliokufa kwenye karatasi. Kila Jumamosi nawatafsiria majirani filamu za vipindi katika parseli yetu, yaani kiwanja cha nyumbani, hapa Kadutu, Bukavu, na wakifika na vigoda vyao wananikuta nimeshaibandika ukutani, karibu na skrini.

Tuchukue The Long Shadow, tamthilia ya Waingereza ya mwaka 2023, vipindi saba. Ni kisa cha kweli cha Peter Sutcliffe, dereva wa lori aliyewaua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Mwanzoni ilikuwa iitwe kwa lakabu ya muuaji. Jamaa za marehemu wakalalamika, jina likabadilishwa. Anza na hilo. Huku kwetu, ambako kila nyumba imezika, hakuna atakayeuliza kwa nini.

Wa kwanza kwenye karatasi ni Wilma McCann wa Leeds, mama wa watoto wanne. Utawasikia polisi wakiwagawa marehemu: wale "wasio na hatia" na wale waliokuwa wakijiuza. Neno hilo litafsiri lilivyo, usilipambe, kisha simamisha picha. Mama mmoja mzee aliniuliza hapo, "Na yule mwingine, yeye hakuzaliwa?" Tulikaa robo saa bila kurudi kwenye filamu. Usiwaharakishe watu.

Penye kazi ngumu ni kaseti. Mwaka 1979 polisi walipokea sauti ya mtu aliyejidai ndiye muuaji, mwenye Kiingereza cha upande wa Sunderland, wakamwamini. Sutcliffe alikuwa wa Bradford. Walimhoji mara tisa kwa jumla, na kila mara alirudi nyumbani. Ukisema "lafudhi" tu, watu hawashiki kitu. Mimi nasema: ni kama kumsaka mtu mwenye Kiswahili cha Lubumbashi, kumbe muuaji ni wa hapa hapa, nyumbani kwake wanaongea Mashi, lugha ya huku. Hapo parseli nzima inaguna. Waambie pia kwamba mwenye ile sauti alifungwa mwaka 2006, na hakuwa muuaji.

Watoto waondoke mapema. Aliyefiwa karibuni mpe nafasi ya mlangoni, atoke bila kuruka magoti ya watu. Batri ikiwa nusu, usianze kipindi: umeme ukikatika mwanamke akiwa bado anakimbia gizani, wageni wako watapanda vichochoro na hofu hiyo. Maliza jua likiwa bado lipo.

Kipindi cha mwisho, Sutcliffe anakamatwa Sheffield, Januari 1981, kwa sababu ya namba bandia za gari. Watapiga makofi, waache wapige. Halafu simama, usome majina yote 13 polepole. Ni magumu kutamka, kwa hiyo jizoeze Ijumaa jioni kwa sauti, hadi ulimi usikwame kwa hata mmoja wao.