Jinsi ya kuandika shairi la uzuri na uozo kwa kutumia Persefone, komamanga na majira ya mwaka

Nimeombwa mara nyingi nieleze naandikaje yale mashairi yangu ya hadithi za Kigiriki, leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika taratibu. Mi naishi Athens, kazi yangu ni kulea wazee majumbani, na mashairi naandika usiku au nikiwa kwenye basi. Sio profesa. Lakini nimeandika haya mambo miaka kadhaa sasa, nimeharibu mengi, na kuna njia nimeiona inafanya kazi, ndo nitakayokupa hapa. Shairi tutakaloandika pamoja ni la beti tatu, bahari yetu ya kawaida, mizani nane kwa nane.

Kabla ya yote nikwambie kitu kimoja ambacho kilinichukua muda kukielewa. Watu wengi tukiandika kuhusu uzuri na kuharibika tunaweka uzuri upande huu na uozo upande ule, ubeti wa kwanza ua limechanua ubeti wa pili ua limenyauka, basi. Msomaji ameshajua unakoenda kabla hujafika. Hadithi ya Persefone, yule binti wa hadithi za Kigiriki aliyechukuliwa kuzimu, haiko hivyo kabisa, kwenye hadithi ile kizuri ndo mtego, na kile kinacholiwa chini kwa wafu ni kitamu kama asali. Yaani uzuri na uozo ni kitu kimoja unakishika mkononi. Shika hilo, mengine yote yanatoka hapo.

Hatua ya 1: Ijue hadithi, alafu chagua sekunde moja tu

Kuna utenzi wa kale wa Kigiriki wa Demeter, una mistari karibu 500, ndo chanzo kikubwa cha hadithi hii. Kwa kifupi sana: Persefone, binti wa Demeter mungu wa nafaka, anachuma maua na wenzake. Ardhi inaotesha ua la nargisi, shina moja lina maua mia, harufu yake inafanya mbingu na nchi na bahari vicheke. Binti ananyoosha mikono yote miwili, ardhi inapasuka, Hades bwana wa kuzimu anatoka na farasi wake anamchukua. Mama anasikia sauti tu. Anamtafuta siku tisa ameshika mienge, hali, hanywi, haogi. Mwisho anafika mji wa Eleusis kajigeuza bibi kizee, anakaa kisimani, mabinti wa pale wanakuja kuchota maji wanamkuta. Kwa hasira yake mbegu zinakataa kuota, watu wanakaribia kufa njaa, mpaka Zeus mkuu wa miungu anamtuma Hermes mjumbe wake akamrudishe binti. Lakini kabla hajaondoka Hades amempa kwa siri punje ya komamanga akala. Kwa hiyo inabidi kila mwaka arudi chini theluthi moja, theluthi mbili akae na mama yake. Mshairi wa Kirumi aliyekuja baadaye sana yeye anasema punje saba na mwaka nusu kwa nusu.

Sasa kosa kubwa ni kutaka kuiweka yote hiyo kwenye beti tatu. Haiingii, utaishia kusimulia tu. Chagua sekunde moja. Mikono miwili inayoelekea kwenye ua. Mama kisimani kabla hajaongea na mtu. Au punje iko mdomoni haijamezwa bado. Mi nilichagua punje, maana hapo ndo mwaka wote unapogawanyika, kwa kitu kidogo kuliko jino.

Hatua ya 2: Nunua komamanga uliache lioze

Nasema kweli, usiandike kutoka kichwani. Nunua komamanga moja, lipasue nusu, weka kwenye sahani sehemu unayopita kila siku, na daftari pembeni. Hapa Ugiriki makomamanga yanaiva Oktoba na Novemba na kuna kitu nilikiona bustanini kwa watu nikashangaa, tunda likikaa na ukame muda mrefu alafu mvua ya kwanza ikanyesha ghafla, ganda linapasuka lenyewe juu ya mti. Mvua inayoleta uhai ndo inayolipasua. Usingeweza kubuni hiyo.

Kila siku andika mistari miwili mitatu, vitu vya macho na pua tu, usiandike ulivyojisikia. Daftari langu lilikuwa na vitu kama: kingo zimekauka, zimekuwa rangi ya chai. Vijinzi vidogo vimefika. Harufu imekuwa tamu zaidi, sio kidogo, tamu kupita kiasi, alafu ndo ikawa chachu. Ukungu mweupe umeanzia kwenye kile kikonyo cha juu kama taji. Upande ambao haujaguswa bado unameta kama siku ya kwanza.

Ona hapo kwenye neno *ukungu*. Kiswahili kimekupa zawadi, ukungu ni ule unaofunika milima asubuhi, na ni ule ule unaoota kwenye mkate. Neno moja lina uzuri na uozo ndani. Ukikutana na neno la namna hii lizungushie duara, hilo ndo dhahabu ya shairi. Mengine ya kuchungulia: *kuiva* (tunda linaiva, na jipu linaiva), *kupasuka*, *chachu*. Kaa na orodha yako nusu saa utapata mengi.

Hatua ya 3: Panga majira vizuri, hapa wengi wanateleza

Ukifungua kamusi utaona *autumn* wameandika vuli, alafu mtu wa Tanga au Morogoro akisoma "vuli" anaona mvua za Oktoba mpaka Desemba, shamba limelimwa, mahindi yanapandwa. Haoni majani yanaanguka. Kwa hiyo ukiandika "vuli imefika majani yafa" umemchanganya mtu wako bure.

Ila ngoja. Ugiriki yenyewe sio kama Uingereza. Kiangazi cha hapa, Juni mpaka Agosti, ndo kipindi ambacho nchi inakufa, nyasi zinakauka zinakuwa kama karatasi, mavuno yameshaisha toka Mei na Juni. Mvua zinarudi Oktoba, ndo wakulima wanapanda ngano na shayiri, inaota wakati wa baridi. Wapo wataalamu wanaosema ndo maana kipindi cha Persefone kuwa chini ni kiangazi, wakati mbegu iko ghalani gizani, na kwamba anarudi na mvua za kupandia. Utenzi wenyewe unasema anarudi na maua ya mwanzo wa joto, kwa hiyo ubishi upo mpaka leo. Lakini mi nilivyosoma hiyo nilisimama kabisa, maana mvua ya kupandia ya Eleusis na vuli ya kwetu zinanyesha miezi ile ile! Basi kwenye mashairi yangu Persefone anarudi na vuli, na mtu wa nyumbani akisoma hahitaji maelezo. Wewe chagua upande wowote ila uchague, usiweke theluji ya sinema kwenye hadithi ya watu waliokuwa wanapanda shayiri.

Kama huna uhakika tumia maneno wazi tu, wakati wa baridi, mvua ya kwanza, jua kali. Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 4: Nenda mahali, au tafuta picha

Eleusis ipo, sasa inaitwa Elefsina, kama kilomita 20 magharibi ya Athens, na barabara ya kutokea mjini mpaka leo inaitwa Njia Takatifu. Nilienda nikitegemea mashamba. Nikakuta magofu ya hekalu yamezungukwa na mji wa viwanda, matangi ya mafuta, na baharini meli mbovu zimelala ubavu zinakula kutu. Kisima cha mawe bado kipo, pango wanalosema ndo mlango wa kuzimu lipo, na kati ya mawe wakati ule kulikuwa na maua mekundu madogo yameota yenyewe. Mwanzoni niliumia, alafu nikaona hapana, hii ndo hadithi yenyewe, uozo wa chuma juu ya uozo wa mawe na ua katikati. Washairi wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, waliangalia majumba yao yaliyobomoka kwa macho hayo hayo, wakaona popo na ndege wa mwituni kwenye zidaka za ukutani zilizokuwa na vyombo vya Kichina. Sio jambo geni kwetu hata kidogo.

Huwezi kufika, sawa, angalia picha, au tafuta gofu lililo karibu nawe.

Hatua ya 5: Andika ubeti wa kwanza, hesabu kwa vidole

Chukua maneno ya daftari, panga. Mi nilianza hivi:

*Komamanga la mezani, limeiva lapasuka,*
*Punje zameta kwa ndani, kama taa zimewaka,*
*Mama yuko kisimani, siku tisa hajacheka,*
*Punje moja mdomoni, mwaka wote wagawika.*

Vina vya kati -ni, vya mwisho -ka. Ule mstari wa nne mwanzo niliandika "mwaka mzima wagawika", ukisoma haraka unaona uko sawa, hesabu sasa: mwa-ka-m-zi-ma-wa-ga-wi-ka, tisa. Ile *m* inasimama peke yake ni mizani kamili, inadanganya watu kila siku. Nikabadili "wote".

Angalia pia jina Persefone halipo. Hades hayupo. Kuna mama, kisima, siku tisa na punje, anayejua atajua, asiyejua bado ana mama aliyekaa kisimani hacheki na hiyo inatosha kumuuma. Majina ya kigeni mengi yanafanya shairi linuke darasa.

Hatua ya 6: Kiitikio kirudi, lakini kirudi kimeharibika kidogo

Hii ndo siri yangu kubwa, naipenda kuliko zote. Kwenye mashairi yetu kiitikio kinarudi kila ubeti, kama binti anavyorudi kila mwaka. Lakini binti aliyekula punje harudi yule yule. Kwa hiyo acha mstari urudi na ubadili neno moja tu la mwisho. Msomaji anautegemea, anaanza kuuimba, alafu unamtoka. Ubeti wa pili:

*Ganda limekunjamana, ukungu umeenea,*
*Harufu tamu ya jana, leo chachu yaelea,*
*Binti hajaonekana, mbegu zinamngojea,*
*Punje moja mdomoni, mwaka wote waanguka.*

Wagawika, waanguka. Vina vya juu vimebadilika kuwa -na na -ea, kiitikio kimebaki na -ni na -ka yake. Usibadili maneno mawili, ukibadili mawili inakuwa mstari mwingine na mshtuko umekufa.

Hatua ya 7: Futa

Pitia ufute kila palipoandikwa uzuri, urembo, uozo, huzuni, milele. Yote. Kama ukifuta shairi linabaki tupu ina maana hukuangalia komamanga vya kutosha, rudi hatua ya 2. Alafu soma kwa sauti, ikiwezekana imba, maana mdomo unagundua kasoro ambazo jicho linaruka.

Hatua ya 8: Ubeti wa mwisho usuke na kitu cha maisha yako

Hapa siwezi kukupa kanuni, nitakwambia tu ilivyokuwa kwangu. Ubeti wa tatu ulikataa miezi mingi. Nilikuwa namlea bibi mmoja, mikono yake ilikuwa imekuwa myepesi kama maganda ya vitunguu, na kila nikimpaka mafuta nilikuwa namkumbuka Tithonos wa hadithi za Kigiriki, yule aliyeombewa asife lakini wakasahau kumuombea asizeeke, akanyauka mpaka ikabaki sauti. Nikajaribu kumuingiza, ikawa hadithi mbili kwenye shairi moja, nikamtoa.

Bibi alifariki mwishoni mwa Oktoba. Kwenye ibada ya kumkumbuka kanisani waligawa koliva, ndo desturi ya Waorthodoksi hapa, ngano nzima iliyochemshwa, sukari, zabibu kavu, lozi, na punje za komamanga juu. Wanakupa kwenye kifuko cha karatasi. Nilikuwa nimesimama nje, mvua za kwanza zimeanza, nikatia mdomoni nikauma punje, na hapo hapo nikajua ninakula nini. Ngano ya mama na komamanga la kuzimu kwenye kifuko kimoja, na wale kina mama walionigawia wameifanya tu kama walivyofundishwa na mama zao. Nilipofika nyumbani hata viatu sikuvua.

*Ngano ilochemshiwa, punje ndani zimulike,*
*Kwa mkono nimepewa, nile nami nikumbuke,*
*Chini alikofukiwa, majani yamfunike,*
*Punje moja mdomoni, mwaka wote wachipuka.*