Pawalifti na Utunishaji Misuli: Jinsi ya Kuchagua na Kupanga Mazoezi Yako

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amezoea kunyanyua vyuma kwa miezi kadhaa, anajua kufanya skwati bila kuyumba, na sasa anashangaa kwa nini wenzake wawili wanaotumia benchi lilelile wanafanya mambo yanayoonekana kupingana.

Hatua ya 1: Fahamu kinachopimwa

Katika pawalifti hupimwa kilo. Mshindani hufanya skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani), benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima), hupewa majaribio matatu kwa kila kimoja, kisha jaribio lake bora katika kila kimoja hujumlishwa. Waamuzi ni watatu, na jaribio hukubaliwa wawili wakiwasha taa nyeupe. Kwa sheria za shirikisho la kimataifa, IPF, lililoundwa mwaka 1972, skwati haihesabiwi mpaka sehemu ya juu ya paja penye kiungo cha nyonga ishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. (Mchezo huu usichanganywe na ule wa Olimpiki, ambapo chuma hupandishwa hadi juu ya kichwa.)

Katika utunishaji misuli hakuna mwamuzi anayeuliza umenyanyua kilo ngapi. Tangu mtunisha misuli Eugen Sandow alipoandaa shindano lake katika Royal Albert Hall, London, mwaka 1901, kinachotazamwa ni mwili wenyewe: ukubwa wa misuli, ulinganifu wake, na jinsi inavyojichora mafuta yanapopungua.

Hatua ya 2: Tazama kitendo kimoja kwa macho mawili

Chukua benchi. Mnyanyuaji wa pawalifti hubana mabega nyuma, huinua kifua kwa kupinda mgongo, hukandamiza miguu sakafuni, na hushika chuma kwa upana unaoruhusiwa, ambao kwa IPF hauzidi sentimita 81 kati ya vidole vya shahada. Yote hayo hufupisha safari ya chuma na kuingiza kila msuli unaoweza kusaidia. Ufupishaji huo ulifika mahali ambapo mwaka 2023 IPF ilianza kudai kwamba upande wa chini wa viwiko ufike usawa wa sehemu ya juu ya bega au chini yake, kwa kuwa baadhi ya washindani walikuwa wakisogeza chuma umbali mdogo mno.

Mtunisha misuli hufanya kinyume. Hurefusha safari, hushusha dambeli polepole hadi kifua kivutike, na hataki mapaja yamsaidie, kwa sababu msaada huo unakipunguzia kifua kazi. Kwake kilo ni nyenzo tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapopoteza muda: wanataka kifua kikubwa, lakini wanarusha chuma kizito nusu ya njia ili wahesabiwe kuwa na nguvu, na mwishowe hawapati nguvu wala kifua.

Hatua ya 3: Panga marudio, seti na mapumziko

Uwezo wa kunyanyua uzito mkubwa mara moja hautoki kwenye misuli peke yake, bali ni ustadi wa mfumo wa neva pia, na ustadi huo hujengwa kwa kushika uzito unaokaribia kiwango chako cha juu. Kwa hiyo pawalifti hutegemea seti (mfululizo wa marudio bila kupumzika) za marudio 1 hadi 5, kwa asilimia 80 au zaidi ya kiwango hicho, na mapumziko ya dakika 3 hadi 5. Usiyafupishe mapumziko hayo kwa kuona aibu ya kukaa.

Kwa kukuza misuli, marudio 6 hadi 12 ndiyo yaliyozoeleka, ingawa misuli hukua hata kwa marudio 30 mradi seti iishie yakiwa yamebaki marudio machache kabla ya misuli kugoma. Seti 10 hadi 20 kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinatosha, na anayeanza abaki karibu na 10.

Kukadiria kiwango chako cha juu bila kujihatarisha, gawanya marudio kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha jibu kwa uzito. Aliyefanya kilo 80 mara 5 anakadiriwa kuweza kilo 93 mara moja, na asilimia 80 yake ni takriban kilo 75.

Hatua ya 4: Gawa msimu

Si lazima uape kufuata upande mmoja. Wanapawalifti wengi, mashindano yakiwa mbali, hutumia majuma kadhaa kwa marudio mengi ili wakuze misuli, kisha hupunguza marudio na kuongeza kilo kadiri siku inavyokaribia. Watunisha misuli nao huweza kunyanyua vizito: Ronnie Coleman, aliyeshinda Mr. Olympia, shindano kubwa la utunishaji misuli, mara 8 kuanzia 1998 hadi 2005, alinyanyua dedilifti ya kilo 363 mara mbili mfululizo. Hata hivyo, upasuaji mwingi wa mgongo na nyonga aliofanyiwa baadaye unatosha kumfanya mtu asiige uzito wake.

Maswali ya wanachama

*Kocha, habari za kazi. Ukumbi wetu una sahani za zege tu, na jumla haizidi kilo 60. Nifuate njia ipi?*

Nzuri, ndugu yangu. Kwanza zipime kwenye mizani ya duka la nafaka, kwani sahani za zege zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa uzito. Kilo 60 zinatosha kukuza misuli ukishusha polepole na kufanya skwati ya mguu mmoja. Ustadi wa pawalifti unaweza kuuanza hapo, ila utahitaji uzito zaidi baadaye.

*Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili. Nikinyanyua vizito sitakuwa na mwili wa kiume?*

Marahaba, dada. Hapana. Homoni inayokuza misuli haraka ni kidogo kwa wanawake, na ukubwa unaouogopa huhitaji miaka ya kuutafuta kwa makusudi. Anza na marudio 5 hadi 8, ukiongeza uzito kidogo kidogo.

*Protini kiasi gani, kocha?*

Takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa njia zote mbili. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo dagaa, maharage na maziwa ndivyo vitakavyobeba sehemu kubwa.

*Mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu. Pawalifti ina nafasi kwake?*

Inayo. Katika Paralimpiki mchezo huu hufanywa kwa benchi pekee, miguu ikiwa imenyooshwa juu ya benchi lenyewe, na wanawake wanashiriki tangu Sydney mwaka 2000. Kwa kuwa hawezi kukandamiza miguu sakafuni, mtafutie benchi pana, mkanda wa kumshikilia, na msimamizi wa kupokea chuma, kisha aanze na marudio 8 mpaka mabega yazoee.