Kabla Hujatoa Arubuni: Maswali Ninayoulizwa na Wanunuzi wa Nyumba na Majengo

Kwa miaka 19 nimekuwa nikiandaa mikataba ya mauziano ya nyumba za kuishi na majengo ya biashara. Swali linaloniuma kuliko yote ni hili: "Wakili, nimeshalipa nusu. Sasa nifanye nini?" Mnunuzi ana nguvu moja tu, nayo ni pesa ambayo bado iko mkononi mwake. Kwa hiyo kila ninachokueleza hapa kifanyike kabla pesa haijaondoka. Sheria za ardhi hutofautiana nchi na nchi, lakini maswali ni yale yale.

"Hati nimeiona kwa macho yangu, haitoshi?" Haitoshi. Hati huweza kughushiwa, au ikawa ya kweli lakini ikapitwa na wakati. Mwaka 1858 huko Australia Kusini, Robert Torrens alifanikisha sheria iliyofanya daftari la serikali liwe ndilo lenye kauli ya mwisho kuhusu mmiliki, na nchi nyingi zikaufuata utaratibu huo. Kwingine masjala, yaani ofisi ya kumbukumbu za ardhi, hutunza nyaraka za mauziano tu, hivyo wakili hulazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua: huyu alinunua kwa nani, na yule naye alipata wapi. Vyovyote iwavyo, upekuzi, yaani uchunguzi rasmi wa kumbukumbu za kiwanja, ufanyike masjala, kwa namba ya kiwanja, na majibu yatoke kwa maandishi. Upekuzi ulioletwa na muuzaji au dalali usiupokee, fanya wako.

Majibu yakitoka, soma jina la mmiliki, ukubwa wa eneo, halafu tulia kwenye sehemu ya mizigo: rehani, zuio, amri ya mahakama. Kisha rudia upekuzi asubuhi ya siku ya malipo. Wengi huniona msumbufu hapa. Lakini nilikuwa na mteja ambaye upekuzi wake ulitoka safi kabisa. Wiki tatu baadaye, saa chache kabla ya kulipa, tuliporudia tukakuta mdai wa muuzaji ameweka zuio. Tungelipa kwa kutegemea karatasi ya zamani, pesa ingekwenda na nyumba isingehamishika.

"Jina kwenye daftari ni lake. Basi ana haki ya kuuza peke yake?" Si lazima. Kama ni nyumba ya familia, sheria za nchi nyingi hutaka ridhaa ya mume au mke hata kama jina lake halimo. Wamiliki wakiwa wawili, wote watie saini. Mwenye jina akiwa amefariki, watoto wake hawawezi kukuuzia kwa kukubaliana tu sebuleni. Kwanza apatikane msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria. Akija mtu na hati ya uwakala, omba kuzungumza na mmiliki mwenyewe, ana kwa ana au kwa simu ya video, kwa sababu kwa kawaida uwakala hukoma mwenye mali anapofariki. Muuzaji akiwa kampuni, dai azimio la bodi lililoidhinisha mauzo, kisha hakikisha kwa msajili wa makampuni kwamba waliotia saini ni wakurugenzi kweli.

Nyumba yenye rehani inanunulika. Benki itoe barua ya kiasi kinachodaiwa, ulipe deni moja kwa moja benki, na benki iahidi kwa maandishi kuifuta rehani.

Arubuni nayo isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme wazi lini inarudi: benki ikikunyima mkopo, upekuzi ukionyesha kasoro, muuzaji akighairi. Pasipo maneno hayo, utabaki kubishana. Ahadi za mdomo ziandikwe zote, hata ile ya tangi la maji au majiko yatakayobaki. Namba ya akaunti ikibadilishwa ghafla kwa baruapepe, usilipe. Mpigie wakili wako kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, maana matapeli huingilia mawasiliano katika hatua hii hasa.

Sasa niseme kuhusu ardhi yenyewe, kwa sababu hapa mimi niliumia. Kiwanja changu cha kwanza nilikikagua kwenye karatasi hadi mstari wa mwisho. Barabara ya kuingilia niliiona, nikaipita na gari, sikuuliza ni ya nani. Ilikuwa ndani ya eneo la jirani. Alipofariki, warithi wake waliweka uzio, na nilihangaika miaka miwili kupata haki ya kupita iliyosajiliwa. Tangu hapo simruhusu mteja kusaini kabla hajatembea mipaka yote pamoja na mpima ardhi, ramani mkononi, akiuliza kuhusu njia, mabomba ya maji na mitaro.

"Nikinunua jengo la biashara naweza kuwatoa wapangaji?" Katika nchi nyingi mauzo hayavunji mikataba ya pango, unawanunua pamoja na haki zao. Omba kila mkataba, uangalie muda uliobaki, kodi iliyokwisha kulipwa mbele, na amana zao ambazo muuzaji lazima akukabidhi. Kisha hakiki kama mamlaka inaruhusu biashara unayotaka kuifanya pale. Uliza pia jengo lilikuwa la nini zamani. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1980 kuhusu taka za sumu, mmiliki wa sasa anaweza kudaiwa gharama za kusafisha uchafuzi ambao hakuusababisha. Palipokuwa na karakana au kiwanda, pima udongo kwanza. Na ukishauriwa ununue hisa za kampuni inayomiliki jengo badala ya jengo, ujue unabeba na madeni yake.

Huulizwa pia kama wakili mmoja anaweza kuhudumia pande zote mbili. Mimi hukataa. Siku maslahi yakigongana, mmoja atabaki bila mtetezi.

Ukishalipa, kazi haijaisha. Katika nchi zinazofuata daftari, hadi uhamisho usajiliwe bado hujawa mmiliki kamili. Ushuru ulipwe na nyaraka zipelekwe haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Hati mpya ikitoka, isome ukiwa bado dirishani: jina lako herufi kwa herufi, namba ya kiwanja tarakimu kwa tarakimu. Kosa likionekana pale pale, mwambie karani kabla hujaisaini kuipokea.