Somo: Namna ya Kuisikiliza Posti-Panki Ukianzia na Besi

Wakuu, kila nikitaja posti-panki (muziki uliotoka Uingereza baada ya panki, ile roki ya kasi na hasira, mwishoni mwa miaka ya 1970) humu napata ujumbe wa "hiyo ni nini na mtu aanzie wapi?" Nimeona niandike somo kamili, maswali yaje chini. Sitawapa orodha ya bendi hamsini. Orodha za namna hiyo zimejaa mtandaoni na hazijamfundisha mtu kusikiliza.

Msimamo wangu ni mmoja: huu ni muziki wa besi. Wengi wanaukimbia kwa sababu wanausikiliza kama roki. Wanasubiri gitaa la solo liingie, haliingii, wanazima. Mtu aliyekulia kwenye rege anauelewa mapema zaidi, na si kwa bahati, kama mtakavyoona.

Mahitaji: hedifoni au spika yenye besi ya kueleweka. Spika ya simu peke yake haifai kabisa. Inaimeza besi yote, unabaki na makelele, halafu unakuja kuniambia muziki wenyewe hauna ladha.

Hatua ya 1: Jua panki ilikwama wapi

Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walipiga Manchester, kwenye ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall. Walioandaa onyesho walikuwa Howard Devoto na Pete Shelley, vijana waliokuwa wakiunda bendi yao ya Buzzcocks. Watazamaji walikuwa makumi machache tu, lakini kati yao walikuwemo Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baadaye walianzisha Joy Division, na Mark E. Smith aliyeanzisha The Fall. (Siku hizi wanaodai walikuwepo usiku ule hawaingii hata ukumbi mara kumi ya ule.)

Panki iliwapa vijana ruhusa: si lazima uwe fundi ndipo upande jukwaani. Tatizo ni kwamba haikuchukua hata miaka miwili ikawa imejifungia yenyewe. Gitaa lilelile, kasi ileile, hasira ileile. Sex Pistols walipiga onyesho lao la mwisho la enzi ile San Francisco tarehe 14 Januari 1978, wakasambaratika. Posti-panki ni kazi ya watu waliobaki na ile ruhusa mkononi, wakaanza kuitumia kwa mambo ambayo panki haikuyataka: dabu (rege iliyovuliwa vyombo hadi kubaki besi, dramu na mwangwi), fanki, disko, sintesaiza (vinanda vya kielektroniki), hata ukimya.

Hatua ya 2: Ifuate besi peke yake

Hapa msiwe na haraka.

Klabu ya Roxy ya London, iliyokuwa ngome ya panki mwaka 1977, ilikuwa na DJ aitwaye Don Letts, mtoto wa wazazi wa Kijamaika. Rekodi za panki wakati huo zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo katikati ya bendi na bendi alipiga rege na dabu. Vijana wa panki wakaondoka pale na besi kichwani. Mmoja wa walioipenda rege tangu mapema ni mwimbaji wa Sex Pistols mwenyewe, Johnny Rotten. Bendi ilipovunjika alikwenda Jamaika kwa gharama za kampuni ya Virgin iliyokuwa ikisaka wasanii wa rege, akarudi London, akarudia jina lake la John Lydon, akaunda Public Image Ltd. Besi akampa rafiki yake Jah Wobble, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kulipiga.

Mwaka 1979 walitoa Metal Box. Albamu hii ilikuja kama santuri tatu za inchi 12 ndani ya kopo la bati, kama makopo ya mikanda ya filamu. Unaweza kudhani ni mbwembwe. Lakini santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 45 kwa dakika ina nafasi ya mifereji mipana, na mfereji mpana unabeba besi nzito bila sindano kuruka. Wajamaika walilijua hilo kabla yao.

Zoezi: tafuta wimbo wao "Death Disco" wa 1979. Mara ya kwanza fuata besi tu, mpaka uweze kuivumisha mdomoni. Mara ya pili hamia kwenye gitaa la Keith Levene: ndani ya ule ukwaruzaji utasikia kipande cha Swan Lake ya Tchaikovsky kikipita kimepinda. Mara ya tatu sikiliza sauti ya Lydon. Anamlilia mama yake aliyekuwa anakufa kwa saratani. Wimbo wa msiba juu ya mdundo wa disko, na uliingia kwenye 20 bora za Uingereza. Kama baada ya mara tatu bado haukugusi, basi huu muziki si wako na hakuna ugomvi.

Hatua ya 3: Sikiliza nafasi tupu

Sasa weka Unknown Pleasures ya Joy Division, Juni 1979, lebo ya Factory. Ilirekodiwa studio za Strawberry, Stockport, na prodyuza Martin Hannett. Bendi hii jukwaani ilikuwa ya vurugu na kelele. Hannett akaichukua, akaitenganisha vipande. Alimtaka mpiga dramu Stephen Morris arekodi dramu moja moja ili sauti ya moja isiingie kwenye maikrofoni ya nyingine, kisha akazipitisha kwenye mashine ya kidijitali ya mwangwi. Matokeo yake kila pigo linasimama peke yake, kana kwamba liko chumba kingine.

Sikiliza "Insight": ule mngurumo wa mwanzo ni lifti ya studio, na sauti ya mwimbaji Ian Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu ili isikike ya mbali. Kwenye "I Remember Nothing" kuna chupa zinazovunjwa. Hook na Sumner hawakuipenda kabisa albamu ilipotoka. Walitaka ile kelele yao ya jukwaani. Kwa maoni yangu Hannett alikuwa sahihi na wao walikosea. Kelele yao wangeipiga wengine kumi, ile nafasi tupu asingeitengeneza mwingine.

Angalia pia Hook anavyopiga besi: juu kabisa, karibu na tumbo la gitaa, kwenye nyuzi nyembamba. Alianza hivyo kwa shida tu. Spika yake ilikuwa dhaifu na gitaa la Sumner lilimfunika, kwa hiyo alipanda juu ili ajisikie. Ndiyo maana kwenye "Love Will Tear Us Apart" besi ndiyo inayoimba.

Hatua ya 4: Sikiliza gitaa linalonyimwa

Hii ni fupi. Gang of Four wa Leeds, albamu Entertainment! ya 1979. Andy Gill hapigi gitaa, analikata: pigo, kimya, pigo. Besi na dramu ni fanki tupu. Mnaowapenda Red Hot Chili Peppers mjue kwamba albamu yao ya kwanza, ya 1984, prodyuza wake ni huyuhuyu Gill.

Ukitoka hapo nenda kwa The Slits, Cut, mwaka huohuo. Wasichana wa panki wa London waliomchukua Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na fundi wa rege ya Uingereza, awe prodyuza wao. Gitaa linacheza kama rege, sauti zinakatizana, na hakuna anayejaribu kumfurahisha mwanamume yeyote. Mwaka huohuo Bovell alirekodi pia Y ya The Pop Group. Ukimtoa huyu bwana kwenye historia, nusu ya ladha inaondoka, na bado makala nyingi zinamtaja kwa mstari mmoja.

Hatua ya 5: Soma kasha la santuri

Usisikilize tu, soma. Buzzcocks walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakatoa Spiral Scratch wenyewe Januari 1977, nakala 1,000 za kwanza, na kwenye kasha wakaandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi. Scritti Politti walikwenda mbali zaidi mwaka 1978: kwenye kasha la singo yao ya kwanza walichapa gharama zote, studio kiasi gani, kuchapa santuri kiasi gani, lebo za karatasi kiasi gani. Mtu akinunua anaondoka na muziki na bajeti. Rough Trade, duka la London lililogeuka lebo, lilikuwa likigawana faida nusu kwa nusu na msanii baada ya gharama kutoka. Wasanii wetu mnaosaini mikataba bila kuisoma, mpo?

Hatua ya 6: Vuka Atlantiki

Talking Heads wa New York na prodyuza Brian Eno walizama kwenye muziki wa Fela Kuti, wakatoa Remain in Light mwaka 1980. Ni nyimbo za mdundo mmoja unaozunguka, vyombo vikipishana juu yake. Mtu wa Afrobiti atatambua kila kitu.

Ila kama muda ni mdogo, waruke hao uende kwa ESG, madada wa South Bronx walionunuliwa vyombo na mama yao ili wasizurure mitaani. Besi, dramu, konga na sauti ndivyo vinavyobeba kila kitu. Hannett yuleyule ndiye aliyewarekodi mwaka 1981. Wimbo wao "UFO" umesampuliwa (yaani kukatwa vipande na kutumiwa kwenye nyimbo mpya) na wanahipu-hopu wasiohesabika, na wao wakabaki kusaka malipo, hadi mwaka 1992 wakatoa rekodi yenye jina Sample Credits Don't Pay Our Bills. Nadhani ujumbe ulifika.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, kuna tofauti gani kati ya posti-panki na niu-wevu?

Jibu: Mipaka haikuwa na ukuta. Kwa ujumla niu-wevu ni upande uliolainishwa ili uingie redioni. Kuna bendi zilizohama, mfano The Human League wa Sheffield: walianza na sintesaiza za kutisha, mwaka 1981 wakawa mastaa wa popu. Usipoteze muda kugombania majina, wenyewe hawakuyajali.

Swali: Nisamehe kaka, lakini hizo nguo nyeusi na yule mwimbaji aliyejiua… huu si muziki wa kishetani?

Jibu: Hapana, dada. Nguo nyeusi na mambo ya majeneza ni tawi moja, la gothi, linalotokana na akina Siouxsie and the Banshees na Bauhaus. Ian Curtis alikuwa kijana wa miaka 23, mgonjwa wa kifafa, ndoa yake inavunjika, na safari ya Marekani ilikuwa mlangoni. Alifariki 18 Mei 1980. Wanaokifanya kifo chake kuwa tangazo la biashara siwaungi mkono. Wenzake waliendelea kama New Order, na mwaka 1983 wakatoa "Blue Monday", wimbo wa kucheza kabisa.

Swali: Niko Bujumbura. Mzee mmoja aliniambia ngoma zetu zimo kwenye muziki huo. Kuna ukweli?

Jibu: Upo, na kisa chenyewe ni kirefu. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi, rekodi ikatolewa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Kifaransa akaibandikia gitaa na kinanda, ikaitwa "Burundi Black". Karibu miaka kumi baadaye, Adam Ant wa London alimlipa Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, pauni 1,000 amshauri. McLaren akampa kaseti yenye mdundo ule. Kisha akamnyang'anya bendi nzima, akaunda nayo Bow Wow Wow! Adam akatafuta watu wapya, wakiwemo wapiga dramu wawili, na albamu yake Kings of the Wild Frontier ya 1980 ikafika namba moja Uingereza. Kambi zote mbili zilijengwa juu ya mdundo wa Burundi, na waandishi wa muziki wa wakati ule waliuliza wazi wenye ngoma wamepata nini.

Kuna upande mzuri pia. Julai 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki wa mataifa mbalimbali, huko Shepton Mallet, Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walikuja wenyewe na kupanda jukwaani pamoja na Echo & the Bunnymen kwenye wimbo "Zimbo". Rekodi yake ipo. Isikilize kabla ya hizo za Adam: ngoma zenyewe zinaongoza, bendi inafuata. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Swali: Bendi za sasa je? Au yote ni ya wazee?

Jibu: Fontaines D.C. wa Dublin na Idles wa Bristol wanajaza kumbi. Molchat Doma wa Minsk walisambaa TikTok kwa wimbo wa Kirusi. Mimi ningekupeleka kwanza Silent Alarm ya Bloc Party, 2005. Mwimbaji wao, Kele Okereke, ni mtoto wa Wanaijeria, na yule mpiga dramu hafai kusikilizwa ukiwa umekaa.

Swali: Tuna kabendi, gitaa mbili, besi na dramu, tunarekodi nyumbani kwa kompyuta. Tufanyeje tupate sauti hiyo?

Jibu: Besi apande juu kwenye nyuzi nyembamba na apewe melodi yeye. Gitaa moja lipumzike kabisa. Lililobaki lipunguzwe besi kwenye programu, lipige kwa vipande, lisijaze. Dramu: ondoeni matoazi kwa wimbo mzima, mtaona kila chombo kinapata pa kukaa. Mwangwi wekeni kwenye sneya (ile dramu ya mlio mkali) tu, msiumwage kila mahali. Mwimbaji asipige kelele. Rekodini wimbo mmoja tu kwanza, muupandishe hapa tuusikilize, na mwandike na gharama zake.