Standadi ya mofini isifunguliwe ikiwa baridi

Wenzangu wa maabara huku Mtwara, hasa msimu huu wa mvua: ampuli (kichupa cha kioo kilichozibwa) ya standadi ya mofini, yaani mofini ya kipimo kinachojulikana tunayolinganishia sampuli, ikitoka kwenye friza, usiivunje shingo papo hapo. Iache mezani, imefungwa, mpaka ifikie joto la chumba. Kwa hewa yetu hii ya pwani kioo baridi kinatoa jasho dakika hiyohiyo, na maji hayo yanaingia ndani.

Ukishaifungua, fanya haraka. Methanoli iliyoyeyusha mofini inaruka, kinachobaki kinakuwa kikali kuliko ile 1 mg/mL ya kwenye lebo, na sampuli zako zote zitasomeka pungufu. Standadi ya heroini agizeni iliyo kwenye asetonitrili. Kwenye methanoli inavunjika taratibu kuwa 6-monoasetilimofini.

Kwa wanaotengeneza standadi wenyewe kwa kupima mofini ya unga kwenye mizani (kazi ya kuchosha, najua), someni cheti cha unga huo kwanza. Mofini salfeti yenye maji, gramu 1 yake ina mofini yenyewe kama gramu 0.75 tu. Usiposahihisha hapo, hata mashine ya bei mbaya haikusaidii.

Na kiasi kilichomwagika nacho kiandikwe kwenye rejista, msimamizi aweke sahihi.