Kijana wako mwanajeshi amepitisha siku za likizo? Fanya hivi

Wiki iliyopita mama mmoja jirani yangu hapa Gongo la Mboto alinigongea mlango usiku. Mwanawe, praiveti, askari wa cheo cha chini kabisa, alikuja likizo, malaria ikamlaza, na siku zake zimepita mbili. "Mzee, si bora akae kwanza mambo yapoe?"

Yapoe wapi! Jeshini mambo ya hivyo hayapoi, yanaiva.

Nikamuuliza kijana kama kikosini wana habari. Hawana. Basi apige simu pale pale, tena kwa mkubwa wake, si kwa rafiki yake wa hangani, yaani wa bweni la askari. Aseme yuko wapi, anaumwa nini, anarudi lini. Aandike saa na jina la aliyepokea.

Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 inatenganisha kutokuwepo bila ruhusa na kutoroka jeshi. La pili ni zito zaidi, na linapimwa kwa nia: ulikusudia kurudi, au hukukusudia? Simu uliyopiga inakutetea. Simu uliyozima inakushitaki.

Kisha cheti. Kiwe cha hospitali, chenye tarehe, mhuri na siku za mapumziko. Aliye Dar aende Lugalo, hospitali ya jeshi lenyewe. Karatasi ya duka la dawa mimi singeitegemea. Tiketi pia itunzwe. Mwaka 1988, nami nikiwa askari, basi nililopanda liliharibika njiani nikafika kesho yake, na tiketi nilishaitupa. Nilivuliwa kofia na mkanda, nikaingizwa kwa kwata mbele ya kamanda wa kikosi, shitaka likasomwa. "Ushahidi?" Sina. Siku saba sikutoka kambini, na jasho la siku hizo nalikumbuka hadi leo.

Kosa dogo huishia hapo kwa kamanda. Zito huenda mahakama ya kijeshi, ambako maafisa ndio wanaokaa kuamua, na huko usimwache mtoto aende bila mwanasheria. Ibara ya 13(6) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa, magwanda hayamwondolei. Akiulizwa, aeleze kwa ufupi na kwa ukweli. Hadithi ndefu huwa na matundu.

Alfajiri tulimsindikiza Stendi ya Magufuli, Mbezi. Mama yake akaipiga picha tiketi mara tatu, mbele, nyuma, na mbele tena.