Meseji ya matengenezo ya mtandao ikiingia, fanya haya kabla hujalala

Ukipata meseji kwamba kutakuwa na matengenezo ya mtandao usiifute, isome mara mbili. Najua wengi mnakasirika mnaona mmeonewa, lakini hiyo kazi isipofanyika kwa mpango iko siku mtambo utajizimia wenyewe mchana kweupe na hapo hakuna atakayekutumia meseji.

Maana mitambo ya kampuni za mtandao nayo ni kompyuta. Ruta kubwa inayobeba maelfu ya wateja ina programu, programu ina matundu ya usalama, na ukiweka programu mpya, mara nyingi lazima mashine izimwe iwashwe. Na haiwaki kama simu yako, kadi zake zinaamka moja moja, halafu inaanza kujifunza upya njia za intaneti ya dunia nzima ambazo zipo kama milioni 1, hapo dakika 20 zinaisha hivi hivi. Kuna betri za kubadilisha, kuna laini za kuongezwa uwezo zimejaa, kuna faiba ya kuhamisha kupisha barabara, na kebo ya nyuzi 144 ikishakatwa fundi anakaa chini kuziunga kwa mashine ya joto.

Wanachagua usiku wa manane kwa sababu jioni ndio kila mtu yuko mtandaoni, kuanzia saa 6 usiku mpaka alfajiri watumiaji wanapungua sana. Halafu wakisema kazi ni ya masaa 6 haina maana utakosa mtandao masaa yote 6, ndani yake wameweka muda wa kurudisha mambo yalivyokuwa kama kazi ikiharibika. Na inaharibika kweli. Kanada tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers ilikuwa inaboresha mtandao wake mkuu, kichujio kimoja cha kupunguza njia za intaneti zinazoingia kwenye ruta kikafutwa kwenye mipangilio, ruta zikafurikiwa na njia hizo, wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma, mpaka simu za dharura. Kwa hiyo ukiambiwa masaa 6 jipange kwa masaa 6 na uongeze yako juu.

Sasa ya kufanya. Chaji simu. Pakua mapema unachohitaji. Hifadhi kazi yako kwenye kompyuta yenyewe, sio mtandaoni tu. Usiache faili kubwa linapakia usiku huo.

Na tarehe, jamani, tarehe. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Meseji ilikuja Jumatano, imeandikwa matengenezo ni Ijumaa 00:00 hadi 06:00. Nikasoma haraka nikasema sawa, Ijumaa usiku, hatuna kazi siku hiyo. Mdogo wangu alikuwa anaomba ufadhili wa masomo, vyeti vyote tayari, na video ya kujieleza aliyoirekodi labda mara kumi mpaka ikakaa vizuri, na dirisha la maombi linafungwa Ijumaa saa 11 alfajiri. Alhamisi mchana akaniambia dada tupakie sasa hivi, nikamwambia tulia, mtandao mchana ni mzito, tutapakia usiku ukiwa mwepesi. Tukaanza saa 5 na nusu usiku. Ilipogonga saa 6 video iko asilimia 70, ikasimama. Nikajua ni kawaida tu, nikazima ruta nikawasha, nikarudia, ndipo nikaifungua ile meseji tena nikaisoma taratibu na mwili wote ukaisha nguvu. 00:00 ya Ijumaa ni pale Alhamisi inapoishia. Nikakimbilia simu nimpe hotspoti, na yenyewe haina mtandao, maana laini ni ya kampuni ile ile. Tukakaa pale tunaangalia taa nyekundu ya ruta mpaka saa 11 ikapita, na yeye hakunilaumu hata kwa neno moja, akaenda kulala. Alisubiri mwaka mzima kuomba tena.

Kwa hiyo sheria yangu siku hizi, meseji yoyote ya namna hiyo naitafsiri kwa kuandika kwenye karatasi "usiku wa kuamkia" siku fulani. Ijumaa 00:00 ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ukishakula chakula cha jioni ndio huo. Ukikuta 12:00 AM ni hivyo hivyo, ni usiku sio mchana. Na 06:00 ni saa 12 asubuhi, usije ukaisoma saa 6 kwa haraka. Ukiona UTC, yaani saa ya kimataifa, mbele ya saa ujue sio saa ya ukutani kwako, hesabu kwanza tofauti.

Pili, bakapu, yaani laini ya akiba, iwe ya kampuni nyingine, na bando liwe limeshanunuliwa kabla. Hao Rogers wenyewe mafundi wao walikwama kwa hili hili, njia yao ya kuingilia mitambo na simu zao vilitegemea mtandao uleule ulioanguka. Uliza pia, maana kampuni mbili zinaweza kuwa na majina tofauti halafu zinapita kwenye mnara mmoja au kebo moja.

Asubuhi mtandao usiporudi zima ruta, hesabu dakika moja, washa. ILE TUNDU NDOGO YA KUCHOMEKA PINI USIIGUSE, hiyo inafuta mipangilio yote pamoja na jina na nywila za kuunganishia, utamsubiri fundi siku nzima wakati jirani zako wanatumia. Ikipita saa moja baada ya muda waliosema piga simu, pengine umebaki wewe peke yako na hawajui.

Angalia pia vitu vinavyotegemea intaneti bila wewe kukumbuka, kamera, kengele ya wezi, kitasa cha mlango cha kufungua kwa simu, simu ya mezani inayopita kwenye ruta. Anayefanya kazi za usiku awaambie wenzake mapema. Kama nyumbani kuna mgonjwa au mzazi mzee andika namba za dharura kwenye karatasi, tafuta simu yenye laini nyingine ikae karibu naye, na mjaribu kupiga kabla ya saa 6 haijafika.